HOTUBA YA MWENYEKITI: NYUMBA YA MTAA WA MADISON NA CHUMBA CHETU CHA MBELE

(Ilisomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Wako wenzetu wawili tulioanza nao ambao hawakufika. Tunaomba tusimame dakika moja tuwakumbuke.

Ahsanteni, tukae.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 17, hisa moja shilingi 1,000, sanduku moja la bati na kufuli tatu. Habari za mapato na matumizi zimo humu kijitabuni, Mweka Hazina amezipanga vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza kuzisema, kwa hiyo hatutazirudia. Leo tumeomba nafasi tuzungumzie jambo moja tu, na kila mwanachama aliyekaa hapa analijua. Ni lile la chumba cha mbele.

Kwa faida ya wageni tueleze. Miaka minne iliyopita kikundi kilinunua kibanda cha vyumba viwili hapa mtaani. Chumba cha nyuma ni cha sanduku na vitabu. Chumba cha mbele ndicho tunachokutania. Tena mara moja kila mwezi, Alhamisi, baada ya kukusanya marejesho, mlango unaachwa wazi, anaingia yeyote, mwanachama na asiye mwanachama, na mtu mmoja anazungumza. Mara nesi wa zahanati, mara msaidizi wa kisheria, mara bibi wa hapa mtaani anatueleza maisha yalivyokuwa. Hatulipwi na hatulipi, isipokuwa chai.

Sasa mwezi wa tatu amekuja mfanyabiashara anakitaka chumba hicho kwa kuwekea mahindi. Atalipa shilingi 80,000 kwa mwezi, miezi sita mbele. Kwa mwaka ni 960,000. Hesabu hiyo hata sisi tulioishia darasa la saba tunaiweza. Basi kikundi kikagawanyika. Wenzetu wakasema, na hawakukosea kusema, kwamba hiki ni kikundi cha fedha, si baraza la kupigia soga. Sisi viongozi tulibaki kimya mikutano miwili, maana jibu hatukuwa nalo.

Jibu, au tuseme kipande cha jibu, kilitoka mahali ambapo hatukutegemea. Binti wa mwenzetu mmoja yuko Marekani, katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Siku moja mama yake alimpigia tukiwa kwenye mkutano, simu ikawekwa sauti kubwa katikati ya meza. Akasikia tunavyobishana akacheka. Akasema, "Mama, hapa jirani iko nyumba ambayo akina mama waliinunua wenyewe, na kazi yake ni hiyohiyo mnayogombania." Tangu siku hiyo amekuwa akitutumia picha na maelezo, na katibu wetu amekuwa akituandikia kwenye daftari. Haya tunayosema yanatoka kwenye daftari hilo.

Nyumba yenyewe ni ya matofali mekundu, namba 17, Mtaa wa Madison. Si kasri. Ni nyumba ya mtu wa kawaida, yenye baraza mbele. Aliishi humo Bibi Susan B. Anthony pamoja na mdogo wake Mary kuanzia mwaka 1866, na akafia humo tarehe 13 Machi 1906 akiwa na miaka 86. Bibi huyu hakuolewa. Kazi yake ilikuwa ualimu, na baadaye akatumia maisha yake kudai haki za wanawake, hasa kura. Kura hiyo yeye mwenyewe hakuiona ikipewa kisheria nchi nzima. Wanawake wa Marekani waliandikiwa haki hiyo katika Katiba mwaka 1920, miaka 14 tangu azikwe.

Lakini alipiga kura. Tarehe 5 Novemba 1872 yeye na wanawake wengine wa kata yake walikwenda kituoni wakapiga kura ya Rais. Siku chache kabla walikuwa wameshajiandikisha, na kituo cha kujiandikishia kilikuwa kwa kinyozi! Tarehe 18 mwezi huohuo akaja ofisa wa serikali kuu, akabisha hodi namba 17, akakaribishwa sebuleni, na pale sebuleni akamweleza kwamba yuko chini ya ulinzi. Mwezi wa sita mwaka 1873 alipelekwa mahakamani katika mji wa Canandaigua. Jaji hakuwaachia hata wazee wa baraza waseme lao, akaamuru wamwone ana hatia. Faini dola 100. Bibi akasema hatalipa hata dola moja, na kweli hakulipa mpaka anaingia kaburini.

Sebule ile ipo mpaka leo. Ukienda, mwongoza wageni anakuingiza humo na kukusimulia habari hiyo ukiwa umesimama palepale ilipotokea. Binti yetu anasema alikuwa ameisoma darasani asiijali, lakini aliposimama sebuleni miguu ilimwisha nguvu. Akaongeza, "Mama, ni chumba kidogo tu, kama chenu."

Kitu tulichokiuliza sana ni hiki: nani aliiweka nyumba hiyo? Maana Mary naye alifariki mwaka 1907, na hao dada hawakuacha mtoto. Nyumba ikaenda kwa watu wengine, ikawa nyumba ya kuishi kama nyingine yoyote. Ingeweza kuwa ghala la mahindi. Mwaka 1945 vikundi vya akina mama wa mji ule vikachanga fedha vikainunua ili iwe ya kumbukumbu. Haikuwa serikali wala tajiri. Ilikuwa michango ya akina mama. Serikali ilikuja miaka ishirini baadaye, mwaka 1965, ikaitangaza kuwa alama ya historia ya taifa.

Halafu hawakuifunga ikae na vumbi. Hapa ndipo tunaomba wenzetu mtusikilize vizuri. Kwa miaka mingi nyumba hiyo imekuwa na mihadhara ya siku ya Jumatatu, watu wanakuja wanakaa, anazungumza mtu mmoja, kunakuwa na chai na kitu kitamu, na maswali. Tulipoambiwa tulitazamana. Sisi Alhamisi, wao Jumatatu! Kila mwaka mwezi wa Februari, kwa kuwa Bibi alizaliwa tarehe 15 Februari 1820, wanaandaa chakula cha mchana cha siku yake ya kuzaliwa, watu wananunua tiketi, na fedha hiyo inasaidia kuendesha nyumba. Kwa hiyo anayesema mazungumzo hayaleti senti, aende akaulize Rochester.

Tena wanatoka nje ya nyumba. Mwaka 2017 ulikuwa wa kutimiza miaka mia moja tangu wanawake wa jimbo la New York wapate kura, maana jimbo lao liliwahi kidogo, mwaka 1917. Basi wakapanga msafara wa mashua kwenye mfereji, kutoka mji wa Seneca Falls, walikofanyia mkutano wa kwanza wa haki za wanawake mwaka 1848, hadi Rochester. Wanateremka mji kwa mji wakisimulia na kuigiza. Sisi mfereji tulionao ni wa maji machafu, lakini wazo tumelipenda.

Na siku ya uchaguzi yako mengine. Bibi amezikwa katika makaburi ya Mount Hope, mjini humohumo. Watu wakishapiga kura wanapewa kikaratasi cha kubandika kifuani kinachosema wamepiga. Wakaanza kwenda kukibandika kwenye jiwe la kaburi lake. Mwaka 2016 walikuwa maelfu, foleni mpaka usiku. Mwaka 2020 jiwe likavalishwa plastiki ngumu lisije likaharibika kwa gundi.

Mwaka huohuo wa 2020 ilitokea habari iliyotuchangamsha kuliko zote. Rais wa Marekani wa wakati ule alitangaza kumsamehe Bibi Anthony kosa lake la kupiga kura. Nyumba ya Mtaa wa Madison ikajibu kwamba msamaha huo haupokelewi. Kisa? Ukipokea msamaha umekubali kwamba ulikosa, na kwamba ile hukumu ilikuwa ya haki, na yeye siku zote alisema haikuwa. Fikirini jamani. Mtu ana miaka 114 kaburini, lakini kwa kuwa nyumba yake ina watu na mlango wake uko wazi, bado ana wa kumsemea.

Sasa turudi kwenye fedha, maana tunajua wako waliokwisha anza kutazama saa.

Tulipoomba habari za Bibi huyu tulidhani tutaletewa habari za kura tupu. Kumbe zimejaa hela. Mwaka 1852 alisaidia kuanzisha vyama vya akina mama vya kupiga vita ulevi, kusini mwa jimbo lake. Mwaka uliofuata akapita tena kuvitazama, akakuta vingi vimekufa. Akina mama hawakuchoka, wala hawakugombana. Hawakuwa na mfuko wao. Nauli ya kwenda mkutanoni ni ya kumwomba mume, kodi ya ukumbi ni ya kumwomba mume, na mume ndiye mnywaji mwenyewe! Hapo ndipo alipoona kwamba mwanamke asiye na senti yake hawezi kuendesha jambo lolote. Nani kati yetu hajui hilo? Ndiyo maana tulikaa chini ya ule mwembe mwaka 2015.

Sheria ya kwao wakati ule ilikuwa kwamba mke akifanya kibarua, mshahara ni mali ya mume. Bibi Anthony akaanza safari mwishoni mwa mwaka 1854, wakati wa barafu, na dola 50 alizosaidiwa na rafiki yake Wendell Phillips, akizunguka wilaya kwa wilaya kukusanya sahihi. Sheria ilibadilishwa mwaka 1860, mke akaruhusiwa kushika mshahara wake na kufunga mkataba kwa jina lake. Kwa hiyo miaka sita imepita kati ya sahihi na sheria. Sisi tukingoja hati ya kiwanja miezi minane tunaona dunia imekwisha.

Na madeni anayajua. Alikuwa na gazeti, lilianza mwaka 1868, likamwachia deni la dola 10,000. Hakukimbia, wala hakuhama mtaa. Alilipa deni lote kwa kusafiri na kuhutubia kwa malipo, akalimaliza mwaka 1876. Wale wenye marejesho ya nyuma, hatutaji mtu, lakini daftari linawataja.

Kisa cha mwisho cha fedha ni cha mwaka 1900, naye yuko na miaka 80. Chuo kikuu cha Rochester kilikuwa hakichukui wasichana. Wakubwa wa chuo wakasema watawachukua kama akina mama watachanga dola 50,000. Akina mama wakachanga. Ilipofika siku ya mwisho, mwezi wa tisa, bado dola 8,000. Bibi akapanda gari la farasi akazunguka mji mzima na uzee ule. Mary akatoa 2,000 alizokuwa anakusudia kuziacha katika wosia. Wengine wakatoa. Zile 2,000 za mwisho, Bibi akaweka rehani bima yake ya maisha. Wasichana wakaingia chuoni. Mambo hayo ndiyo yanayosimuliwa katika nyumba ile kwa mtoto wa shule na kwa mgeni anayetoka mbali, akiwemo binti wa hapa mtaani kwetu.

Tuseme na hili, maana tusije tukaonekana tunamfanya malaika. Baada ya vita vya kwao, watumwa walipoachiwa huru, ukaja mjadala wa kuwapa kura wanaume weusi kwanza, wanawake wangoje. Bibi Anthony akapinga, na mwaka 1869 akatofautiana hadharani na Frederick Douglass, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa akiishi mji huohuo. Maneno yaliyosemwa upande wa akina mama wakati ule mengine hayapendezi. Kwa upande mwingine, Ida B. Wells, mama mweusi aliyekuwa akipigania watu wake wasinyongwe ovyo, alilala katika nyumba ile kama mgeni, na karani wa Bibi alipokataa kumwandikia barua kwa sababu ya rangi yake, Bibi akamwachisha kazi karani. Lakini Wells huyohuyo alimweleza Bibi waziwazi pale alipoona anakosea. Yote mawili ni ya kweli, na binadamu ndivyo alivyo. Leo karibu na nyumba ile iko bustani yenye sanamu ya Bibi Anthony na Bwana Douglass wamekaa wanakunywa chai.

Tulipofika hapo katika daftari, wenzetu wengine wakakumbuka mwaka wetu wa tatu. Wageni hawajui, lakini sisi tunajua. Fedha zilipungua sandukuni, laki nne na ushee, na mwenzetu aliyehusika alilipa polepole na yuko nasi mpaka leo, wala hatumtaji. Habari hiyo iliwahi kusimuliwa katika Alhamisi moja, mlango wazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia. Kutoka siku hiyo hatujapungukiwa. Kufuli tatu tulikuwa nazo tangu mwanzo, lakini kilichokuwa kinatupungukia ni mahali pa kusemea.

Na liko jingine, ambalo mwenyewe ameturuhusu tulitaje bila jina. Mwaka juzi mwenzetu aliletewa karatasi na mumewe atie sahihi, nyumba yao iwekwe dhamana ya mkopo. Alikuwa anatia. Alitia sahihi za namna hiyo mara mbili huko nyuma bila ya kusoma. Lakini Alhamisi ya mwezi uliotangulia msaidizi wa kisheria alikaa katika chumba cha mbele akatueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa, siyo kidole gumba. Mwenzetu akaomba siku tatu akaisome karatasi. Mume alikasirika, tusidanganyane, kulikuwa na maneno. Mwisho wakaenda wote wawili kwa yule msaidizi, mkopo ukapunguzwa, nyumba haikuwekwa. Watoto watano wanalala humo usiku wa leo. Tafadhali Mweka Hazina, hilo tuliandike upande upi wa daftari?

Wengi wetu tukienda Dar es Salaam kununua vitenge tunapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kondakta anaita tu, "Bibi Titi, Bibi Titi!" Mama huyo ndiye aliyeongoza akina mama wa TANU kuanzia mwaka 1955, akaingia nyumba kwa nyumba kuwashawishi wachukue kadi, akasimama kwenye majukwaa wakati mwanamke kusimama jukwaani ilikuwa ajabu. Tuliwauliza watoto wetu wa sekondari, Alhamisi moja, Bibi Titi ni nani. Mmoja akasema ni kituo cha daladala.

Basi, tusiwachoshe. Sisi viongozi tumekaa, tumekubaliana, na tunaleta pendekezo kwenu. Uamuzi ni wa mkutano mkuu wa wiki ijayo, kwa kura ya siri, karatasi zimeshakatwa.

Chumba cha mbele kisikodishwe. Yule mfanyabiashara tumwonyeshe uwanja wa nyuma, kama atapenda ajenge kibanda cha mabati kwa gharama yake, tumtoze kodi ya ardhi. Tumezungumza naye, hajakataa. Atatoa shilingi 30,000 kwa mwezi, pengo ni 50,000, yaani 600,000 kwa mwaka. Pengo hilo tunapendekeza tulipunguze kwa chakula cha mchana cha kila mwaka siku kama ya leo, kwa tiketi ya shilingi 5,000, wali na nyama ya kutosha. Waliokula leo bure wajue ndiyo mara ya mwisho. Hata hivyo pengo lote halitazibika, na hatutaki mtu apige kura akidhani litazibika.

Ukutani tuweke lile sanduku la kwanza la bati, na daftari la mwaka 2015 lenye majina 17, na picha za wenzetu wawili waliotangulia, kama familia zao zitakubali. Na Alhamisi moja katika mwaka iwe ya watoto wa shule, waje wasimuliwe na wale waliokuwepo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunalo ombi dogo kwako pia, ni la viti. Tunavyo 22, na Alhamisi iliyopita watu walikuwa 41, wengine walisimama dirishani. Pia bati la upande wa mashariki linavuja, ukitazama juu utaliona.

Tunaomba kuwasilisha. Chai iko tayari.